Ng'ombe wa Kopo la Mbegu

Mwalimu wa darasa la pili aliagiza kila mtoto aende na makopo na maboksi yaliyokwisha kazi, wayatumie kutengenezea vitu. Binti yangu aliniambia nikiwa nafunga karoti za kupeleka sokoni. Nikamjibu bila kumtazama, "Chukua chochote kilicho kitupu."

Nilisahau kwamba kwetu Lukozi hakuna kitu kitupu. Kopo la rangi ndiyo ndoo, gunia lililotoboka ndilo la kufutia miguu. Mama mkwe wangu hata mfuko wa sukari huufua, akauanika kambani.

Niliporudi nilikuta majani ya chai yamechanganyika na chumvi, njiti za kiberiti zimetapakaa kwenye sinia. Kopo langu la mbegu za karoti, mbegu nilizozifuata mpaka Lushoto mjini, halipo. Mbegu zenyewe zilikuwa kikombeni, pamoja na za figiri, ile mboga ya majani.

"Nani kakutuma umwage?"

"Wewe, mama. Ulisema kitupu. Havikuwepo, nikavifanya vitupu."

Mama mkwe aliyekuwa anamenya viazi alicheka hadi kisu kikamwanguka. "Ulitaka mjukuu wangu aende mikono mitupu?"

"Na mbegu zangu je, mama?"

"Zichambue."

Kuchambua mbegu za karoti! Ukipumua tu zimeruka.

Kesho yake nilikwenda shule na maneno yangu nimeyapanga. Mwalimu, binti mdogo tu, aliniwahi mlangoni. "Shikamoo mama! Hongera. Wenzake wameleta makopo yenye kutu, wa kwako kaleta masafi kabisa, kama ya dukani!"

Kopo langu lilikuwa limeshakuwa ng'ombe. Limetobolewa, limetiwa miguu ya vijiti, na masikio yamekatwa kwenye boksi la majani ya chai. Binti yangu alikuwa amesimama kando yake, hapumui, ananisubiri niseme.

"Asante, mwalimu," nikasema, nikageuka nikaondoka na hasira zangu zote.

Zile mbegu nilizimwaga shambani hivyo hivyo. Figiri ikawahi kuota, ikazifunika karoti, nikashinda nimeinama naing'oa huku nanung'unika peke yangu. Mama mkwe akawa anakuja nyuma na ungo, anaokota majani ya kupika.

"Tamu hii," akasema. "Msimu ujao mjukuu wangu azichanganye tena."