Nondo Aliyelala Ardhini

Siku ile ya kung'oa masalia ya pamba naikumbuka, mjukuu wangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa binti mdogo, nimeolewa kijiji cha Sapiwi, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa amefariki mvua zilipokatika. Kiangazi chote sikusema neno. Nilipika, nikateka maji, nikalala, basi. Wifi zangu wakaanza kumshauri mume wangu anirudishe kwetu Sola. Naye, kijana wa watu, akaanza kuwasikiliza.

Mama mkwe yeye alinipa jembe tukaenda shambani, maana masalia yasipong'olewa na kuchomwa, wadudu huibukia humo humo mwaka unaofuata. Nikang'oa shina, bonge la udongo likapasuka, ndani yake mna kidude cha kahawia, kigumu, kimejikunyata.

“Kimekufa,” nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza tangu msiba, na wala sikujisikia nikilisema. Yeye alisikia.

Akakiweka kiganjani mwangu. Kilipopata joto la mkono, ncha yake ikacheza.

“Hajafa, mayu,” akasema, na mayu kwa Kisukuma ni mama. “Ni yule funza anayekula vitumba vyetu. Jua likizidi hushuka chini, hali, hanywi, anangoja mvua atoke akiwa nondo. Vyura nao hujifukia, na samaki kamongo kwenye tope la lambo likikauka. Nani huwafanyia matanga?”

Kisha akakichukua akakiponda kwa mpini wa jembe, kwani pamba ni pamba. Nikacheka, kicheko kikageuka kilio, nikalia mpaka jua likainama. Hakunibembeleza. Alikaa tu pembeni.

Jioni akamwambia mwanawe, wifi zangu wakisikia, kwamba mimi siendi popote, waache kiangazi changu kiishe. Na kweli, mvua za vuli zilinikuta natangulia shambani. Mama yako akazaliwa baadaye.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akinyamaza kwa uchungu, usiseme amekwisha. Usimharakishe wala usimhubirie. Mpe kazi ndogo ya mikono, kaa naye, umkinge na ndimi za watu. Na ikiwa ni wewe, usione haya kungoja. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja, ila hawakusema baada ya muda gani. Mungu akutunze katika ukame wako, na asikunyime mtu wa kukaa pembeni yako.