Sahihi Siku ya Sabato

Jumamosi, tarehe 15 Machi 1969. Mvua ya mawe iliyopiga chai ya Gesima tangu alfajiri ilikatika saa tatu, ikaacha baridi na ukungu mabondeni.

Alfayo Ratemo alikuwa kanisani, Biblia magotini, masikio barabarani. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule ya harambee, vyumba vitatu vya matofali ambavyo Wasabato na Wakatoliki wa mlima mmoja walikuwa wamejenga kwa mikono yao. Alhamisi barua ilikuwa imefika: afisa wa elimu angekuja Jumamosi. Katika lokesheni nzima, yaani kata yao, shule moja tu ingesajiliwa mwaka huo. Wakiikosa nafasi hiyo, wanafunzi wa kidato cha pili hawangefanya mtihani, na mmoja wao alikuwa bintiye, Nyanchama.

Aliyeichagua siku hiyo alijulikana. Diwani Ishmael Nyasani alitaka shule iende mlima wa pili, kwenye kura zake.

Gari liliposimama, Alfayo alitoka, na waumini wakamfuata. Afisa alikuwa ndani ya Land Rover, fomu mbili mapajani. Ya mlima wa pili ilikuwa na sahihi tayari.

"Tia sahihi hapa, mzee. Ninyi mmeshajenga, lakini bila sahihi nasajili ile nyingine. Saa nane nashika njia ya Nairobi."

"Bwana Afisa, leo ni Sabato. Jua likizama nitakuja mwenyewe hadi Kisii, hata kwa miguu."

"Jua likizama nitakuwa Nakuru."

Diwani, aliyeketi kando yake, alicheka. "Si nilikuambia? Hawa hata punda wao leo wanapumzika! Mzee Alfayo, kalamu ina uzito wa gunia?"

"Usiiguse, Ndugu Alfayo," alisema Manasseh, mzee wa kanisa, nyuma yake.

"Baba," Nyanchama alisema kwa sauti ya chini. "Miaka miwili, baba."

Alfayo hakugeuka. Afisa alitazama saa yake, akaanza kufunika kalamu.

Hapo ndipo Alfayo alipomwona Omwenga, naibu wake, Mkatoliki, akipanda kutoka shambani na kikapu cha chai mgongoni.

"Nimeacha uenyekiti," Alfayo alisema.

"Kuanzia lini?" afisa aliuliza.

"Sasa hivi. Naibu ni yule pale."

"Na kujiuzulu si kazi?" diwani alidakia.

"Kazi ni ile niliyoacha."

Watu wachache walicheka. Manasseh hakucheka. Afisa alitafuta jina la naibu kwenye karatasi zake, akasoma, akasoma tena, kisha Omwenga alipofika akampa kalamu. Diwani aligeuza uso akatazama upande wa pili wa barabara.

Omwenga aliandika jina lake, akasita. "Hapa wanauliza kanisa linalosimamia shule."

"Mwenyekiti hutia sahihi kwa niaba ya kanisa lake," afisa alisema. "Si la mwingine."

Walimtazama Alfayo wote. Miaka minne kamati ilikuwa imegombania mstari huo mmoja, na Wasabato ndio waliokuwa wengi.

"Andika lako," Alfayo alisema.

Omwenga aliandika polepole, kama mtu anayeogopa kuchana karatasi. Afisa aliikunja fomu ile, ile nyingine akamrudishia diwani.

"Lakini wasichana hawana choo," alisema akiwasha gari. "Nikirudi Alhamisi nisikute shimo, nafuta."

Lilipoondoka, Manasseh alimkaribia Alfayo. "Umewapa shule, ndugu. Watoto wetu watafundishwa katekisimu."

"Watafanya mtihani," Alfayo alijibu. Waumini walirudi ndani. Benchini kwake hakuna aliyeketi karibu naye ila Nyanchama.

Kesho yake, Jumapili, Wakatoliki walikuwa misani, na wa kanisa lake hakuna aliyeitikia alipowapitia nyumba kwa nyumba. Alibeba jembe na koleo hadi nyuma ya chumba cha tatu cha shule, akapima hatua sita kutoka ukutani, akavua koti, akaanza kuchimba.