Mbuzi wa Akida

Tulihamia Masasi kutoka Mnyambe baada ya baba yangu kwenda upagazi na asirudi. Mama alijenga kibanda chini ya majabali, akalima mtama na mihogo, na alipoona wasichana wa jirani wanakwenda chuoni kusoma Kurani, akataka na mimi nisome. Mwalimu alikuwa mtu mpole, lakini naye alihitaji kula. Kumsomesha mtoto mdogo mpaka amalize juzuu ya kwanza, alitaka mbuzi mmoja.

Mbuzi tulikuwa naye, jike la rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Kabla hatujampeleka, askari wa akida walikuja kudai kodi ya nyumba. Mama hakuwa na rupia. Wakamfungua mbuzi, wakaondoka naye.

Akida alikuwa mtu wa pwani aliyewekwa na Wadachi atutawale. Haukupita muda akatangaza kwamba anasikitika kuona watoto wa maskini wanakosa elimu, na kwamba atawalipia ada. Tukaitwa barazani kwake baada ya sala ya Ijumaa. Alizungumza sana. Alitaja huruma, akataja akhera, kisha mbuzi wakaletwa mmoja mmoja kukabidhiwa mwalimu.

Wa kwangu alikuwa yule yule. Mbuzi alipomwona mama, alilia, akaja kusugua kichwa kwenye goti lake. Watu wakakohoa.

"Mnaona," akida akasema, "hata mnyama anamtambua mwenye shida."

Mama akapiga goti. "Shikamoo, akida. Ahsante kwa ukarimu wako."

"Marahaba. Mtoto asome."

Njiani mwalimu akamwuliza mama kama ana hakika ni mbuzi wake.

"Nilimzalisha mwenyewe, mwalimu."

"Na umeshukuru?"

"Nisingeshukuru angepikwa, na mtoto huyu angebaki shambani kufukuza ndege."

Mwalimu akacheka hata akashindwa kutembea. Akasema yeye hana mahali pa kufugia, afadhali mama amfugie. Basi mbuzi akarudi kwenye kigingi chake, na tangu siku ile Masasi nzima hapakuwa na mbuzi aliye salama kama yeye. Askari walipokuja tena kudai kodi, mama aliwaambia, "Huyo ni wa mwalimu, kapewa na akida." Wakamwacha, wakachukua jembe.

Nilikuwa katikati ya juzuu vita vya Maji Maji vilipotufikia. Akida alikimbilia Lindi akiwa amejifunga shuka la mpishi wake. Sisi tulijificha mapangoni, mwalimu pamoja nasi. Mbuzi tulimwacha, maana angelia na kutufichua. Wapiganaji walipofika waliuliza mali ya akida iko wapi. Jirani yetu mmoja hakuwa na nguvu za kukimbia, naye siku ile ya baraza alikuwapo. Kwa moyo mweupe kabisa akawaonyesha mbuzi wetu. Wakamla.

Vita vilipokwisha akida alirudi amenenepa. Akawaeleza Wadachi hasara aliyopata kwa ajili yao, na mbuzi wetu alikuwamo katika hasara hiyo. Tulisikia kwamba alifidiwa.

Sisi tulipata njaa. Mashamba yalikuwa yamechomwa, ghala tupu. Mimi na mama tulikuwa tukiingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, na fungu moja tukimpelekea mwalimu, ambaye hakujua kuchimba na alikuwa amekonda mpaka kanzu ikawa kama imetundikwa ukutani.

"Hii ni ada ya mtoto," mama alimwambia, ili asione haya kupokea.

Naye, ili tusidhani ana njaa, alinitaka nisome kwanza. Nilisoma polepole, kwa madaha, kwa kuwa nilipenda kusifiwa. Mwalimu huyu hakuwahi kuniachia hata herufi moja niliyoikosea. Siku moja akanikatiza katikati ya aya, akasema nimesoma vizuri mno, inatosha, nikamwite mama tule.