Vidonge vya Bibi, Kichwa cha Mzee

Juzi, kwenye dirisha la dawa la hospitali moja hapa Njombe, mbele yangu alisimama bibi aliyetoka Kifanya. Dawa zake za presha zilikuwa zimeisha kabla ya siku ya kurudi.

"Bibi, unameza viwili viwili?" mhudumu aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Kimoja changu, kimoja cha mzee wangu. Naye kichwa kinamuuma."

"Amepimwa?"

"Tunalala kitanda kimoja tangu ujana. Ugonjwa wake nitaacha kuujua?"

Mhudumu aliweka kalamu chini. "Yuko wapi?"

Alikuwa nje, amejikunyata kwenye benchi kwa baridi. Akaitwa, akapimwa. Presha ilikuwa chini mno. Mzee akaeleza kwamba siku hizi anaanguka kwenye shamba la viazi, akidhani ni uzee tu.

Bibi alishika ukingo wa dirisha. "Kumbe ni mimi ninayekuangusha."

"Hukujua," mzee alisema, akimrekebishia kitenge begani.

Wazee tunawaambia wameze vidonge vingapi. Kwamba ni vya nani, tunadhani wanajua. Sikungoja zamu yangu. Nilitoka nje nikampigia mama, nimuulize vyake anameza na nani.