Mama Chebet na Kwilti Yangu

Watu wangu, leo nimemshika jirani akipiga kwilti yangu picha kisirisiri!

Ni ile blanketi ya viraka vilivyopangwa kama viboksi vinavyoporomoka. Imebaki tu mishono ya juu, na mimi nilikuwa nimeamua kushona maua kila mahali.

Sasa Mama Chebet, jirani yangu hapa Sosiot, amekuja mara tatu tangu asubuhi.

"Kwani ni lazima maua? Si upige tu mistari kando ya kila kiraka?"

Nikajiambia, huyu anataka yangu ikae ovyo ndio yake ishinde kwa maonyesho ya kanisa.

Nikaenda jikoni kuleta chai. Kurudi, ameinama na simu.

"Mama Chebet, unaniibia mtindo?"

Akashtuka, akaweka kidole kwa kiraka cha bluu.

"Hii ni gauni ya Chebet ya utotoni. Iliingia kwa vile vitambaa nilikupea. Nilikuwa namtumia picha huko Saudi. Ukishona maua, haitaonekana tena."

Jameni, aibu! Nikamwomba msamaha nikiwa bado nimeshika birika.

Nimechagua mistari.

Ama ni mimi tu hushuku watu hivi?