Siku Niliyompelekea Tuzo Bi Tausi

Jamani, hii aibu nimeikalia kimya muda mrefu, na ninyi mnanijua nilivyo mwepesi wa mdomo, kwa hiyo mjue ilinichoma. Ni aibu ya msibani, na msibani penyewe niliingia kwa vigelegele.

Mnakumbuka kitabu changu kilipopata tuzo, kile cha historia ya wanawake wakata mikoko wa delta. Nusu yake, nisidanganye, ni maneno ya Bi Tausi, mzaliwa wa visiwa vya humo deltani, aliyekata boriti pamoja na mumewe miaka na miaka, kisha maji ya chumvi yakaingia mashamba yao ya mpunga wakahamia Mtawanya. Nilikuwa namwita shangazi. Yeye ndiye aliyeniambia, "Ukipewa hiyo zawadi, mwanangu, uje na nguo zile zile ulizopewa nazo, nami nikuone."

Basi nikaona nimfurahishe. Simu nilikuwa nimeizima tangu siku ya hafla maana pongezi zilizidi (na nisiwafiche, nilikuwa naringa pia). Nikalala gesti pale Kibiti, asubuhi nikavaa gauni langu la kung'aa, mkanda wa mshindi begani, wanja, viatu vya visigino, nikapanda bodaboda mpaka Mtawanya huku nimeipakata tuzo yangu ya kioo. Dereva akaniuliza, "Mama, unakwenda harusini?" Nikamjibu ndiyo, maana kumweleza yote ningeanzia wapi.

Kufika naona turubai uani, wanawake kwenye mikeka, masufuria ya wali motoni (kwetu turubai la harusi na la msiba ni lile lile), na moyo wangu ukaniambia wamesikia redioni, wameniandalia. Na katikati ya uwanja namwona Bi Tausi mwenyewe, kanga yake ya njano, miwani yake iliyofungwa uzi, anajikokota na bakora kwa ule mguu wake mbovu, watu wanacheka. Nikapiga kigelegele cha kutoka tumboni, nikakimbia na visigino vyangu mchangani, nikamkumbatia kwa nyuma, nikamzungukia nikampa tuzo mikononi. "Shangazi, tumeshinda."

Watu wakaangua kicheko. Yule mama akaigeuza-geuza tuzo, akasema kwa sauti ya Bi Tausi, ile ya puani, "Mie nimewaomba maji tangu juzi, mwaniletea chupa tupu." Ndipo nikautazama uso. Hakuwa yeye. Alikuwa mtani wake.

Na mimi nimeandika sura nzima juu ya watani, kwamba mtu akifa watani wake huja wakavaa nguo zake, wakatembea na kusema kama yeye, ili wafiwa wapate kucheka. Sura nzima, na tuzo wakanipa. Kuyaona kwa macho, nikayapigia vigelegele. Bi Tausi alikuwa amezikwa jana yake.

Nikaanza kulia, na hapo mambo yakaharibika kabisa, kwa sababu kwa lile gauni na ule wanja unaochuruzika kila mtu alidhani nami ni mtani, nimekuja kuwaigiza wanaolia. Nikilia wanacheka. Nikaketi mchangani nikajishika kichwa, wakacheka zaidi, bibi mmoja akasema, "Huyu kawazidi wote." Nataka kusema nimefiwa, kicheko kinanifunika. Sijawahi kuwa mpweke kiasi kile, na watu walikuwa wamenizunguka pande zote.

Aliyeniokoa ni Mwajuma, binti wa marehemu. Alitoka ndani akasema taratibu, "Muacheni. Huyo si mtani. Huyo ndiye wa kitabu." Kicheko kikakatika, na ule ukimya uliofuata, heri hata kicheko.

Lakini mtani alikuwa bado hajamaliza kazi yake. Marehemu alikuwa amewatangazia majirani wote kwamba ameandikwa kitabuni, basi yule mama akaniinamia na ile miwani, akauliza kwa sauti ile ile, "Enhe, mwanangu. Jina langu umeliweka ukurasa gani?"

Wote wakanitazama. Jina lake halimo. Sisi wa chuo tuna desturi ya kuficha majina ya waliotusimulia, tunaita kuwalinda, na sikuwahi kumuuliza kama anataka kulindwa. Kitabuni ameandikwa "mama mmoja wa Mtawanya", basi. Nikasema, "Limo, shangazi. Limo kila mahali." Wanawake wakaitikia Alhamdulillahi, wengine wakajifuta macho.

Baadaye Mwajuma akanipeleka nyuma ya nyumba kuninawisha uso, nikamwambia kuhusu jina, kwamba nitalirekebisha. Hakuacha kunimiminia maji.

"Dada, kitabu ulichomtumia nimekisoma mimi. Yeye msahafu alikuwa anasoma, hizi herufi zenu hapana. Kila jioni ananiambia nimwonyeshe jina lake. Nikawa namwekea kidole pale palipoandikwa mama mmoja, anapapasa, anafurahi."

Tangu siku ile nimeapa kwamba sitaandika maisha ya mtu kabla sijamuuliza anataka aitwe nani. Ni kiapo kizuri, wanafunzi wangu wanakipenda, ila kwa Bi Tausi hakina kazi tena.