Mhuri wa Mama Editha

Makamanda wa Stashahada ya Biashara, leo nimeshindwa hoja sokoni Kasulu.

Bila mhuri kwenye fomu ya mafunzo kwa vitendo, hatuhitimu. Mkufunzi wetu alikuja kutukagua, akadai kuwa Mama Editha, muuza maharage anayetufundisha kazi, hana mhuri, hivyo fomu yangu na ya mwenzangu Zabibu hazifai.

Nikapanda juu ya kreti, nikatetea heshima ya wachuuzi kwa hotuba ndefu.

Mama Editha akaendelea kuchambua maharage.

"Mwanangu, umemaliza?"

Akatoa mhuri. Kumbe ndiye mwenyekiti wa soko.

Akagonga fomu ya Zabibu. Yangu akanirudishia.

"Wiki sita unawahutubia wateja wangu. Hujauza hata kisado kimoja."

Ninyi mngemjibu nini?

Kikao cha kesho ni saa kumi jioni, mezani kwake. Njooni na vikapu, nitakuwa napima maharage.